Kombe la Palmer: nani apige tii za witiri, nani za shufwa?

Gofu ya vyuo vikuu vya Marekani ina hesabu yake iliyozoeleka: timu inaingiza wachezaji watano, kadi nne bora zinajumlishwa, mwenye mikwaju michache anashinda. Kila mtu ana mpira wake na matatizo yake. Kombe la Arnold Palmer linawachukua wachezaji hao hao na kuwabadilishia kila kitu kwa siku tatu. Mwanafunzi aliyeshinda msimu mzima akilinda kadi yake anapewa mwenzake kutoka chuo kingine, wa jinsia nyingine, pengine wa nchi nyingine, halafu wanaambiwa wapige mpira mmoja kwa zamu. Ukipeleka mpira kwenye majani marefu, si wewe utakayekwenda kuutoa.

Wengi wanaotazama mashindano haya husubiri siku ya mwisho, siku ya mmoja kwa mmoja, kwa sababu ndiyo yenye pointi nyingi. Mimi naona kazi kubwa ya makocha inakuwa imekwisha kabla ya hapo, kwenye karatasi ya kupanga jozi, na hasa kwenye swali dogo ambalo watangazaji hulipita haraka: katika mpira wa zamu, nani aanze mashimo ya witiri (1, 3, 5 na kuendelea) na nani ya shufwa (2, 4, 6 na kuendelea)?

Tuanze na historia kwa ufupi. Kombe lilichezwa mara ya kwanza mwaka 1997 Bay Hill, Orlando, kwenye klabu ya Palmer mwenyewe, ambaye naye aliichezea Wake Forest kabla ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Wakati huo ilikuwa Marekani dhidi ya Uingereza na Ireland, wanaume wanane kila upande, pointi 24. Marekani wakashinda 19-5. Mwaka uliofuata wakaenda St Andrews, wakatoka 12-12. Mwaka 2003 upande wa pili ukapanuliwa ukawa Ulaya nzima. Walipita humo akina Luke Donald, Dustin Johnson, Rickie Fowler na Jon Rahm wakiwa bado wanafunzi.

Mageuzi makubwa yalikuja 2018. Wanawake wakaingia, na upande wa pili ukawa timu ya Kimataifa, yaani yeyote anayecheza gofu ya chuo na si Mmarekani. Kwa kijana wa Nairobi, Kampala au Dar aliyepata nafasi ya kusoma na kucheza huko, mlango ambao haukuwepo kabisa hadi 2017 ukafunguka, ilimradi kiwango chake kimfikishe. Watu wengine huidhani timu ya Kimataifa kuwa ni vyuo vya nje vikipambana na vyuo vya Marekani. Sivyo. Wengi wao wanasoma Marekani hiyo hiyo, kama Viktor Hovland wa Norway aliyecheza 2018 akiwa Oklahoma State. Kwa hiyo wachezaji wawili wanaofanya mazoezi pamoja mwaka mzima wanaweza kujikuta wapinzani kwa siku tatu, na kila mmoja anajua fimbo ipi humsumbua mwenzake.

Pointi 60, na hakuna wa kukaa benchi

Kila upande una wanaume 12 na wanawake 12. Siku ya kwanza kuna mechi 12 za mipira minne (kila mchezaji na mpira wake, jozi inahesabu matokeo bora) kwa jozi za mchanganyiko, mwanamume na mwanamke. Siku ya pili asubuhi kuna mechi 12 za mpira wa zamu, nazo za mchanganyiko. Mchana wake ni mipira minne tena, safari hii wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, mechi sita kwa sita. Siku ya tatu ni mmoja kwa mmoja, mechi 24. Jumla pointi 60. Ukifikisha 30.5 kombe ni lako.

Zote huchezwa shimo kwa shimo. Haijalishi umelimaliza shimo kwa mikwaju mingapi, la msingi ni kumzidi mpinzani kwenye shimo hilo. Ukiongoza kwa mashimo matatu na yamebaki mawili, mechi imekwisha, matokeo yanaandikwa 3&2. Mkifika la 18 mkiwa sawa, kila upande unachukua nusu pointi, hakuna kuongeza mashimo.

Sasa chukua kalamu. Mechi 12 za jozi kwa kila awamu maana yake ni watu 24 kila upande, na watu 24 ndio timu nzima. Kwenye Ryder Cup, mashindano ya Marekani na Ulaya, nahodha ana wachezaji 12 na katika kila awamu ya jozi anachezesha wanane tu, kwa hiyo mwenye homa ya uwanja anaweza kupumzishwa mpaka Jumapili. Hapa hakuna ujanja huo. Mchezaji ambaye siku hiyo fimbo ndefu imemgomea atapiga tu, na swali pekee la kocha ni amweke na nani ili madhara yawe madogo. Pointi 36 kati ya 60 zinatoka kwenye jozi. Matokeo ya miaka mitatu ya mwanzo ya mfumo huu yanaonyesha jinsi mizani inavyoyumba: Marekani walishinda 38.5 kwa 21.5 kule Evian, Ufaransa, mwaka 2018. Mwaka uliofuata huko Arkansas Kimataifa wakajibu kwa 33.5 dhidi ya 26.5. Mwaka 2020, mashindano yakiwa yamesogezwa hadi Desemba kwa sababu ya korona na kurudishwa Bay Hill, Kimataifa wakashinda 40.5 kwa 19.5.

Mpira wa zamu, hapo ndipo penye kazi

Kanuni ya 22 ya gofu ni fupi. Wawili mnatumia mpira mmoja. Mmoja anaanza tii (mahali pa kuanzia shimo) zote za witiri, 1, 3, 5 mpaka 17, mwingine za shufwa. Baada ya hapo mnapokezana mkwaju kwa mkwaju mpaka mpira uingie. Mkwaju wa adhabu hauvurugi zamu: ukitumbukiza mpira majini, anayefuata bado ni mwenzako. Ukikosa mpira kabisa na fimbo ikapita hewani, huo ni mkwaju, zamu imehama.

Akipiga asiyestahili, mnapoteza shimo. Makosa haya hayatokei katikati ya shimo, kwa sababu pale kila mtu anakumbuka nani kapiga. Hutokea tiini, hasa baada ya shimo lililosamehewa mapema, yaani upande mmoja umekubali kulipoteza bila kulimaliza, watu wakawa wameondoka grini (nyasi fupi zenye shimo) wakizungumza. Dawa ni kuandika jina la mwenye zamu juu ya namba ya kila shimo kwenye kadi kabla ya kuanza, na kuitazama kadi kila mnapofika tii mpya. Ni jambo la kitoto, lakini timu zinazoona haya kulifanya ndizo zinazopoteza shimo la bure.

Jambo jingine ambalo wachezaji wa chuo, waliozoea mpira wao wenyewe, huligundua wakiwa wamechelewa: mpira wa akiba, ule unaopigwa endapo wa kwanza hautapatikana. Mwanamume anapiga kutoka tii ya nyuma, mpira unapotelea upande wenye mpaka wa uwanja. Wakitaka kupiga wa akiba, anayeupiga ni mwenzake, kwa sababu ndiye mwenye zamu. Na anaupiga kutoka pale pale ulipopigwa wa kwanza, yaani tii ya wanaume. Mwanamke anajikuta amesimama yadi 50 au 60 nyuma ya tii aliyoizoea, akiwa na mkwaju wa tatu. Kwa hiyo mwanamume kwenye mpira wa zamu hana ruhusa ya kupiga kifua mbele kama alivyofanya jana yake. Penye mpaka karibu, airudishe fimbo ndefu mfukoni, achukue fupi.

Tuje kwenye witiri na shufwa. Kocha mvivu anauliza nani anapenda kuanza. Kocha anayejua kazi yake anachukua kadi ya uwanja na kuhesabu mkwaju mmoja mmoja. Tuchukue Bay Hill yenyewe kwa mpangilio wake wa mikwaju 72 (hicho ndicho kiwango, mikwaju ambayo mchezaji mahiri anatarajiwa kutumia, na kila shimo lina chake), kwa sababu ina kituko kizuri. Mashimo ya mikwaju mitatu ni la 2, 7, 14 na 17. Ya mikwaju mitano ni la 4, 6, 12 na 16. Umeona? Yote manne ya mikwaju mitano yako kwenye shufwa.

Mwenye shufwa, basi, anaanza mashimo tisa haya: mawili ya mikwaju mitatu (2 na 14), matatu ya mikwaju minne (8, 10, 18) na manne ya mikwaju mitano. Mwenye witiri anaanza mawili ya mikwaju mitatu (7 na 17) na saba ya mikwaju minne (1, 3, 5, 9, 11, 13, 15). Mikwaju mirefu ya tiini imegawanyika sawa, saba kwa saba. Ukiishia hapo utasema haina tofauti.

Endelea kuhesabu. Nani anaupeleka mpira grini? Mwenye shufwa anapiga tii 2 na 14, anapiga mkwaju wa pili kwenye yale mashimo saba ya mikwaju minne aliyoanza mwenzake, na anapiga mkwaju wa tatu kwenye yale manne marefu aliyoyaanza mwenyewe. Hiyo ni mara 13. Mwenye witiri ana 7 na 17, na mkwaju wa pili kwenye 8, 10 na 18. Ni mara tano tu. Tofauti ya 13 kwa 5 kati ya watu wanaodhaniwa wamegawana kazi nusu kwa nusu!

Ipindue sasa. Mpira ukishafika grini, anayefuata ni yule mwingine. Kwa hiyo mwenye witiri ndiye atakayepiga msukumo wa kwanza, ule mrefu, mara 13, na ndiye atakayepiga mkwaju mfupi wa kuokoa kila mwenzake anapokosa grini. Mwenye shufwa atabakia na misukumo ya yadi moja moja ya kumalizia. Kwa hiyo Bay Hill haikuulizi nani mkali. Inakuuliza nani mwenye fimbo za chuma zilizotulia (huyo mpe shufwa), na nani mwenye mikono laini karibu na grini na jicho la kupima mwendo wa mpira (huyo mpe witiri).

Ongeza suala la jinsia kwenye hesabu hiyo. Chukua shimo la mikwaju minne ambalo wanaume wanaanza yadi 450 na wanawake yadi 390. Mwanamume wa kiwango hiki akipiga yadi 295, anamwachia mwenzake yadi 155, na kwa mwanamke wa chuo hiyo ni chuma namba 7 au 6. Mwanamke akianza na kupiga 245, anamwachia mwanamume yadi 145, ambayo kwake ni weji, fimbo fupi ya kuinua mpira. Shimo ni lile lile, lakini jozi inafika grini na fimbo fupi kwa fimbo mbili au tatu, na isitoshe wanawake wengi wa kiwango hiki wananyoosha mpira tiini kuliko wanaume. Mwanamume akapiga weji kutoka kwenye nyasi fupi: hicho ndicho kitu anachokiota kila mchezaji.

Kwa hiyo Bay Hill ningempa mwanamke witiri na mwanamume shufwa karibu bila kufikiri. Mwanamke ananyoosha saba kwenye mashimo ya mikwaju minne, mwanamume anafuata na weji, na yale manne marefu yanaanzwa na mwenye nguvu. Gharama ipo. Kwenye mashimo marefu mkwaju wa pili ni wa mwanamke, na mara nyingi hatafika grini, kwa hiyo jozi inaacha tamaa ya kufika kwa miwili na kuridhika kuweka mpira umbali ambao mwanamume anaupenda, tuseme yadi 90 au 100. Waambiane namba hiyo kabla, si kukisia. Shimo la 6 linapinda kuzunguka ziwa kubwa upande wa kushoto, na hapo kuridhika ni akili. Gharama ya pili ni shimo la 18. Mwanamke ndiye atakayepiga mkwaju wa pili kuelekea grini iliyokumbatiwa na maji upande wa kulia, pengine mechi ikiwa sawa. Kama huyo mwanamke anaogopa maji, jozi nzima ina tatizo, na hilo kocha alijue siku ya mazoezi.

Uwanja mwingine utatoa jibu jingine. Old Course ya St Andrews ina mashimo mawili tu ya mikwaju mitatu, la 8 na la 11, na mawili tu ya mikwaju mitano, la 5 na la 14. Kila aina ina shufwa moja na witiri moja. Pale hesabu inakaribia kulingana, na unaweza kabisa kumwachia achague anayetaka kuanza.

Kuhusu mpira. Kila mchezaji ana aina yake, na tofauti ya mzunguko kati ya aina mbili inaweza kuusimamisha mpira karibu na bendera au kuupitisha nyuma ya grini. Soma kwanza karatasi ya kanuni za uwanja uone kama wameweka sharti la kutumia aina moja ya mpira raundi nzima. Kama halipo, mnaweza kubadili kila mnapoanza shimo jipya, na hapo utaratibu ni kutumia mpira wa yule atakayeupeleka grini. Tiini tofauti ya aina haina uzito sana, kwenye mkwaju wa kwenda grini ina uzito. Kwa mfano wetu, la 1 mwanamke anaanza na mpira wa mwanamume, la 8 mwanamume anaanza na mpira wa mwanamke. Kama sharti lipo, chukueni aina ya mwenye mikwaju 13, na mwenye witiri atumie mazoezi yake yote kupiga mikwaju mifupi kwa mpira huo wa kigeni.

Fimbo nazo zina mtego wake. Kila mmoja ana zake 14, na hawaruhusiwi kuazimana ila kama jumla ya za wote wawili haizidi 14. Mwanamke aliyeachiwa yadi 155 hawezi kuchomoa chuma kwenye mfuko wa mwenzake.

Mipira minne: kuanza kwa kulinda

Hapa kila mtu ana mpira wake, na matokeo bora ya jozi yanapimwa na matokeo bora ya wapinzani. Watu huona ni mchezo mwepesi, kila mtu ashambulie. Kwa mchanganyiko si hivyo. Kwa kawaida wa tii ya nyuma hupiga kwanza ndipo wote wasogee mbele, kwa hiyo mwanamume anapiga kabla hajajua mwenzake atakuwa wapi. Yeye ndiye anapaswa kuuweka mpira mahali salama. Mwanamke ndiye anayefika tiini akiwa anajua hali ilivyo, na kama mwenzake yuko vizuri, yeye ndiye mwenye uhuru wa kukata kona. Jozi nyingi hugeuza majukumu haya kwa mazoea ya kudhani mwanamume ndiye wa kushambulia, na matokeo yake ni mashimo ambayo wote wawili wako mchangani.

Ikifika grini, kanuni inaruhusu jozi kuamua nani apige kwanza upande wao unapokuwa na zamu. Wa mbali ana yadi 10 za kupata mkwaju mmoja chini ya kiwango, wa karibu ana futi nne za kulinda kiwango. Wa karibu apige kwanza. Akiingiza, mwenzake anaweza kusukuma kwa nguvu bila hofu ya kupitiliza.

Lakini wapinzani wenye akili wanalo jibu. Kama ule mpira wa futi nne uko kwenye mstari ule ule wa yadi 10, wanasema "umesamehewa", yaani mpira unahesabiwa kama umeingia kwa mkwaju unaofuata. Msamaha ukitolewa haukataliwi wala haurudishwi. Na mchezaji aliyesamehewa akiamua kuusukuma hata hivyo, na kufanya hivyo kukamsaidia mwenzake kuona mkunjo wa grini, matokeo ya huyo mwenzake kwenye shimo hilo hayahesabiki. Nimetaja hili kwa sababu wachezaji waliozoea kuhesabu mikwaju wana tabia ya kumalizia kila mpira ndipo waondoke. Hapa tabia hiyo inakula shimo.

Kingine kinachowaponza waliozoea kadi ni idadi ya mikwaju. Mpinzani ana haki ya kukuuliza umepiga mingapi. Ukimpa namba isiyo sahihi na usiirekebishe kabla hajapiga tena, unaadhibiwa, na katika mmoja kwa mmoja au mpira wa zamu adhabu ni kupoteza shimo, hata kama ulikosea kwa nia njema.

Ushauri pia una mipaka. Mnayeshirikiana naye mnaweza kuzungumza mtakavyo. Mwanatimu mwenzenu anayecheza mechi ya mbele yenu, hapana, hata akiwa amesimama tii ya jirani akisubiri. Kumuuliza alitumia fimbo gani ni kosa lenye adhabu. Kamati inaweza kuweka kanuni ya kuruhusu kila timu kuteua mshauri mmoja au wawili, kwa kawaida makocha, na ukimwacha mwenzako na mbeba mfuko wako, hao ndio pekee wa kusogelea.

Siku ya pili, mashimo 36

Siku hii ina hesabu ya saa ambayo mtazamaji haioni. Tuseme mechi 12 zinaanza tii moja, kila dakika 10, ya kwanza saa 1:00 asubuhi. Ya mwisho inatoka saa 2:50. Mpira wa zamu huenda haraka kwa sababu kila mechi ina mipira miwili tu, tuseme saa tatu na dakika 45. Mechi ya kwanza inamaliza saa 4:45, ya mwisho saa 6:35 mchana. Ukitaka mipira minne ya mchana, ambayo inakaribia saa tano kila mechi, imalizike kabla ya giza, ya kwanza lazima itoke karibu saa 6:30.

Maana yake kocha anaandika jozi za mchana wakati mechi kadhaa za asubuhi bado ziko uwanjani. Hajui nani atakuwa amechoka, nani amefungwa vibaya. Waliotoka mwisho asubuhi wapangwe mwisho mchana, wapate angalau saa moja ya kukaa na kula. Ukimweka mchezaji wa mechi ya 12 ya asubuhi kwenye mechi ya kwanza ya mchana, atatembea moja kwa moja kutoka grini ya 18 hadi tii ya 1. Raundi moja kwa miguu ni kama kilomita nane. Mbili ni 16 na zaidi, na mashimo ya mwisho ndipo miguu inapoacha kuzunguka na mpira wa mtu wa mkono wa kulia unaanza kukimbilia kulia. Wanaochoka haraka wapate mwenza anayenyoosha.

Mmoja kwa mmoja sina mengi ya kusema. Hii wanaijua. Ubingwa wa timu wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, umekuwa ukiamuliwa kwa mechi za shimo kwa shimo tangu 2009 kwa wanaume na 2015 kwa wanawake, mechi tano, atakayeshinda tatu ni bingwa. Hesabu ya kocha ni ndogo: mkiongoza 20 kwa 16 mnahitaji 10.5 kati ya 24, kwa hiyo wakali watawanywe mbele na katikati, pointi ziingie mapema. Mkiwa nyuma 16 kwa 20 mnahitaji 14.5, na hapo wote wazito wanakwenda mwanzo, maana mchezaji bora aliyewekwa mechi ya 24 anaweza kushinda wakati kombe limeshakabidhiwa.

Kwa anayetaka kuiga kwa kiwango chetu

Vyuo viwili vya Afrika Mashariki vikitaka kujaribu mfumo huu hawahitaji watu 48. Wanaume wanne na wanawake wanne kila upande wanatosha. Mechi nne za mipira minne mchanganyiko, nne za mpira wa zamu mchanganyiko, nne za mipira minne kwa jinsia (mbili na mbili), na nane za mmoja kwa mmoja. Pointi 20, mshindi ni mwenye 10.5. Siku mbili zinatosha: awamu mbili za kwanza siku ya kwanza, mbili za mwisho siku ya pili. Andikeni mapema itakuwaje mkifungana 10-10, kwa sababu hakuna mtu anayekubali kanuni iliyotungwa saa 11 jioni.

Kama wachezaji wana handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) zinazotofautiana sana, amueni kabla kama mikwaju ya nyongeza itatolewa au mnacheza kavu. Wengi wetu klabuni wikendi tumelelewa na Stableford, mfumo wa kupata pointi kwa kila shimo, kwa hiyo tengeni angalau raundi moja ya mazoezi ya mpira wa zamu, jozi zikiwa zile zile za mashindano, mwenye witiri akianza witiri. Msibadilishane mazoezini "ili kila mtu aonje". Mnachokitafuta ni kuzoea umbali mnaoachiana.

Tii ziwekwe kwa kupima, si kwa rangi tu. Chukueni mashimo mawili ya mikwaju minne, mpige mipira mitano mitano kutoka kila tii, muone inaangukia wapi. Kama mipira ya wanawake inaachwa yadi 40 nyuma ya ile ya wanaume hata baada ya tofauti ya tii, sogezeni tii ya mbele.

Na kama uwanja wenu ni wa mashimo tisa unaochezwa mara mbili, kama vilivyo vingi huku, ile hesabu ndefu ya Bay Hill iwekeni pembeni. Shimo la 1 mnalirudia kama la 10, la 2 kama la 11, la 9 kama la 18, kwa hiyo aliyelianza kama witiri mzunguko wa kwanza anamwachia mwenzake mzunguko wa pili. Kila mmoja anaanza kila shimo mara moja. Kinachobaki kuamua ni nani aanze la 18, na kwa hilo angalieni shimo la 9 lilivyo: kama hatari iko tiini, mpeni anayenyoosha. Kama iko mbele ya grini, anayenyoosha fimbo za chuma ndiye asianze.